Rubisi Yangoja Malenga

Pombe ya dhahabu ya Ubelgiji, mfano wa Duvel yenye kileo cha asilimia 8.5, husifiwa kwa povu jeupe na harufu ya matunda. Lakini harufu hiyo haitoki katika tunda; huzaliwa na hamira. Huko Ngara na Biharamulo, rubisi haina haja ya mwigo. Ndizi huvundikwa zikaiva, zikakamuliwa kwa majani, kisha maji yake yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke. Utamu ni wa ndizi; ukakasi na ule uchungu wa kuungua ni wa mtama. Rangi yake si dhahabu, ni udongo.

Tofauti kubwa ni wakati. Ya chupa hukaa miezi. Rubisi huchacha kwa siku chache. Ladha yake haisafiri, husafiri sifa tu, na sifa yataka mshairi. Miongoni mwa tungo anazonasibishwa Fumo Liyongo umo wa kusifu uchi wa mnazi, na hata asiyeonja kileo huufaidi. Rubisi isipopata malenga wake, itaendelea kupimwa kwa maneno ya chupa ya ugenini.