Hongera kwa Wapambaji wa Madhabahu ya Magila

Aghalabu sifa za Magila, karibu na Muheza, hupewa wamisionari wa UMCA, jumuiya iliyozaliwa kwa wito alioutoa Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, na Padre Farler aliyefika huko mwaka 1875. Ilhali wale ambao kila Pasaka huipamba nyumba ya ibada kwa nuru na majani hawatajwi, nami leo nawatolea shukrani kwa taadhima wanayoistahili.

Jumapili ya Matawi huja na makuti mabichi ya minazi, ambayo mikono ya mastadi huyachana, huyakunja na kuyasuka misalaba. Na usiku wa Mkesha, kanisa likiwa giza totoro, moto mpya huwashwa nje, Mshumaa wa Pasaka huingizwa, na mwali wake huenea mshumaa kwa mshumaa, hata maua yaliyopangwa tangu jioni, yasiyoonekana ila kwa harufu, yakadhihirika kidogo kidogo kwa rangi zake.

Kazi hiyo yataka maarifa, kwani jani hunyauka upesi katika joto la nchi hii ya Bonde, iliko Magila, na mpambaji hodari hulikata mapema na kulitia maji. Maua ya plastiki, yaliyozagaa siku hizi, hayadai uangalizi huo, nami siyapendi.