Sifa ya Mkata Njia

Watu wakirudi kutoka Bryce Canyon, kusini mwa Utah huko Marekani, husifu mawe. Wana haki. Nguzo zile nyekundu, za rangi ya chungwa na nyeupe, zilizosimama kwa maelfu chini ya ukingo wa uwanda wa Paunsaugunt, hazihitaji mpambe, na theluji ikizitulia vichwani macho hayajui yaanzie wapi. Mimi nataka kumsifu mtu ambaye hasifiwi: yule aliyekata njia ya miguu inayomwezesha mtu na mkewe kushuka kati ya mawe hayo mwezi wa Januari na kupanda tena wakiwa wazima.

Kiangazi humfichia fundi huyu kazi yake. Vumbi la njia na vumbi la mteremko ni rangi moja, wageni ni wengi, na kila mmoja ametazama juu. Theluji ikishaanguka, mteremko wote unafutika, unabaki mstari mmoja uliokanyagwa. Ukisimama pale Sunset Point, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, unauona unavyokwenda: unashika kushoto, unajikunja, unarudi kulia, unajikunja tena, hadi unapotelea kati ya kuta za miamba. Kutoka ukingoni hadi chini ni kama mita 170. Mbuzi angeshuka moja kwa moja. Binadamu, hasa binadamu mwenye magoti kama yangu, anahitaji mtu aliyemfikiria kabla hajafika.

Mimi na mke wangu huenda huko kutoka Salt Lake City, mwendo wa saa nne hivi kwa gari, na huchagua baridi kwa makusudi. Tunavalisha viatu vyetu vyuma vya meno, vile vinavyoshikwa na mpira, kila mmoja na fimbo zake, kisha yeye anatangulia. Kushuka kwenye barafu kuna adabu yake: hatua fupi, wayo wote chini, uzito usiachwe nyuma kwenye kisigino. Asubuhi theluji ni ngumu na vyuma vinashika vizuri. Adhuhuri jua linailainisha, na jioni ile iliyoyeyuka inageuka kioo, kwa hiyo mwenye akili huwa ameshapanda kabla ya hapo. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni zile kona. Njia inapojikunja, yeye aliyetangulia anapita chini yangu akielekea nilikotoka, mimi nikielekea alikotoka, na kwa muda mfupi tunatazamana na kuzungumza. Kisha kila mmoja anashika njia yake, hadi kona inayofuata. Sijui kama aliyezikata alilifikiria jambo hilo. Nampa sifa yake hata hivyo.

Mke wangu amezaliwa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa watu wanaojua mifongo. Wachaga walichimba mifereji hiyo tangu kabla ya wakoloni, wakiyatembeza maji kutoka mitoni hadi migombani bila chombo chochote cha kupimia. Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa kipimo. Mwinamo ukizidi, maji yanakula udongo, ukipungua, yanalala. Kwa hiyo siku moja, katikati ya mteremko, alisimama, akapigapiga ukingo wa njia kwa fimbo, akaniambia, "Mzee, huyu aliyepima hapa hakuwa na haraka."

Alikuwa ameona jambo lenyewe. Mwenye mfongo anataka maji yatembee naye, mkata njia anataka maji yampite yaende zake, na wote wawili wanashindana na kitu kimoja. Wakata njia wa Marekani wana kanuni wanayoiita ya nusu: mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa mlima inaoukatiza. Ukizidi, mvua ya kwanza itaigeuza njia kuwa korongo. Tena upande wa nje wa njia huinamishwa kidogo sana, kiasi ambacho mguu hauhisi lakini maji yanahisi. Kwangu mimi ufundi wote umo humo, katika kile kidogo ambacho mpita njia hatakiwi kukitambua.

Zana yao maarufu ina jina la Ed Pulaski, askari wa misitu aliyepata sifa katika moto mkubwa wa Idaho mwaka 1910: shoka upande mmoja, jembe upande wa pili, mpini mmoja. Mawe hubebwa na kupangwa, magogo hulazwa kushikilia kona zisiporomoke. Katika miaka ya 1930 vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa Rais Franklin Roosevelt wa kuwapa ajira vijana wakati wa mdororo wa uchumi, walifanya kazi katika hifadhi hii ya Bryce Canyon, na sehemu ya njia zake ni jasho lao.

Ugumu ni kwamba adui wa njia ndiye huyo huyo mchongaji wa nguzo. Mawe haya yalianza kama matope na chokaa vya ziwa, miaka milioni 50 hivi iliyopita, wala si mawe ya kutegemewa. Kwa karibu siku 200 za mwaka joto hupanda na kushuka kupita kiwango cha maji kuganda. Maji yaliyoingia ufani mchana huganda usiku, yakavimba kwa asilimia 9, na jiwe likapasuka. Baridi inayotupa uzuri wote ule ndiyo inayoangusha kona usiku. Mwaka 2006 mamia ya tani za mawe yaliporomoka kwenye ule upenyo mwembamba unaoitwa Wall Street na kuiziba njia. Hadi leo upande huo wa njia ya Navajo Loop hufungwa majira ya baridi, na wapitaji huelekezwa upande wake wa pili, wa Two Bridges. Kwa hiyo njia ya Bryce haikukatwa mara moja ikaisha. Inakatwa kila mwaka.

Wapaiute, wenyeji wa nchi hii tangu zamani, husimulia kwamba nguzo zile ni watu waliogeuzwa mawe na Mbweha kwa ubaya wao. Walowezi walipaita mahali hapa kwa jina la Ebenezer Bryce, seremala wa Kiskoti aliyejifunza kuunda meli, akahamia bondeni hapo katika miaka ya 1870. Umaarufu wake hautokani na mawe. Alichonga barabara ya kupandia uwandani kuchukua kuni na mbao, nayo ikaishia karibu na hizi nguzo, na majirani wakazoea kupataja kwa jina lake.

Anayetaka kwenda, ashukie Sunrise Point kwa njia ya Queen's Garden, kisha apandie Navajo Loop. Ni kama kilomita 5 tu. Awe na vyuma vya viatu, na aulize kwanza kwa maaskari wa hifadhi njia ipi iko wazi. Asikate kona kwa kushuka moja kwa moja hata akiona nyayo za waliofanya hivyo, maana nyayo kama hizo ni mfereji wa maji wa mwaka ujao, na kuna mtu atakayetumwa, shoka mkononi, kuja kuuziba.