Wimbi Ndani ya Jiwe

Pande la itale linafika maabara likiwa bado na vumbi la machimbo. Fundi haanzi kwa kulikata. Analiosha, analigeuzageuza mikononi, anatafuta ufa. Akiridhika, analibana chini ya keekee, anafungulia maji ya kupoza, na bomba la chuma lenye meno ya almasi linaanza kushuka. Halisukumi. Akililazimisha, joto na mtikisiko vitazaa nyufa mpya, na jiwe litakalopimwa halitakuwa tena lile lililotoka mlimani.

Kinachotoka ni silinda yenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 10 hivi. Ncha zake hukatwa kwa msumeno, kisha kunafuata kusaga, kazi ambayo mpita njia angeiona ya kuchosha. Fundi anamwaga unga mkali na maji juu ya kioo kinene, anaisimamisha silinda, anaizungusha taratibu. Kila baada ya mizunguko michache anaigeuza robo duara, ili uzito wa mkono wake usiegemee upande mmoja. Nyuso mbili za ncha lazima ziwe bapa na ziwe sambamba. Anapima urefu kwa kalipa hapa, pale na pale. Tofauti ikizidi sehemu chache za mia za milimita, silinda inarudi kwenye kioo. Nilimwona akiirudisha wakati mimi ningekwisha kuiita kamili.

Usiku jiwe linalala kwenye tanuri ili unyevu uishe. Likipoa, linapimwa uzito, kisha zinaletwa transdusa mbili, vidubwasha vyenye fuwele inayotetema ikipewa umeme: moja itatuma wimbi, nyingine italipokea, na muda wa safari ndio utakaopimwa. Fundi anazigusanisha kwanza zenyewe kwa zenyewe, bila jiwe. Umeme na chuma navyo vina ucheleweshaji wao, na asipoutoa kwenye hesabu ataliongezea jiwe muda usio wake. Ndipo anapopaka utando mwembamba wa jeli kwenye nyuso na kuibana silinda katikati. Kwa mawimbi ya mkato, yale yanayotikisa jiwe kando kwa kando, hutumia asali nzito, kwa kuwa kimiminika chepesi hakiwezi kuyavusha.

Kwenye kioo cha osiloskopu, kinachochora umeme wa transdusa inayopokea, mstari unakwenda bapa, kisha unapanda. Kinachotafutwa ni pale unapoanza tu kuachana na ubapa, wala si kilele. Fundi anaikuza picha, anaacha mipigo mingi ijumlishwe mpaka kelele ipungue, anasogeza alama, anairudisha kidogo. Mikrosekunde 25 kwa milimita 100: mita 4,000 kwa sekunde. Akikosea kwa nusu tu ya mikrosekunde, jibu litahama kwa mita 80 hivi.

Silinda hiyohiyo sasa inawekwa ndani ya chombo, hewa inanyonywa kwa pampu, maji yanaingizwa yajaze nyufa ndogo ambazo jicho halizioni. Inapimwa tena. Mikrosekunde 20, mita 5,000 kwa sekunde. Madini hayajabadilika hata chembe, na jiwe limekuwa zito zaidi. Wengi wetu tungedhani uzito utalichelewesha wimbi, na kwa kweli uzito peke yake hufanya hivyo. Lakini kasi inategemea pia jinsi jiwe linavyokataa kubanwa. Hewa iliyo ndani ya ufa hubanika kwa urahisi, maji hayakubali. Kwa wimbi la msukumo, lile linalobana jiwe mbele na nyuma, ukinzani huo umeongezeka kuliko uzito ulivyoongezeka. Wimbi la mkato halinufaiki hivyo, kwa maana maji hayana nguvu ya kupinga kutikiswa kando.

Mgandamizo nao hufunga nyufa. Francis Birch wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha mwaka 1960 vipimo vya miamba mingi iliyobanwa hadi kilobari 10, mgandamizo wa kina cha zaidi ya kilomita 30 ardhini. Kasi hupanda upesi mwanzoni, nyufa zinapojifunga, halafu hupanda polepole, na kuanzia hapo madini yenyewe ndiyo yanayoamua. Itale hupita mita 6,000 kwa sekunde. Mwamba uliojaa olivini hukaribia au kuzidi 8,000. Birch alikata silinda katika pande tatu za jiwe moja, kwa kuwa mwamba wenye matabaka ya ulanga hulipitisha wimbi upesi zaidi likifuata matabaka kuliko likiyakatiza. Tatu kwa kila jiwe, na kila moja isagwe, ikaushwe, ibanwe.

Joto hufanya kinyume: hulegeza madini, na likiyeyusha hata sehemu ndogo, kasi hushuka zaidi. Mwaka 1990 watafiti wa mradi wa KRISP walilipua baruti nchini Kenya, baadhi yake ndani ya maziwa, na kusikiliza mitetemo kwenye Bonde la Ufa. Chini ya bonde, juu kabisa ya tabaka lililo chini ya ganda la dunia, walipata takriban kilomita 7.5 hadi 7.8 kwa sekunde. Nje ya bonde, zaidi ya 8. Walijua kwamba huko chini kuna mwamba wa moto uliolegea, na huenda una tone lililoyeyuka, kwa sababu kasi ya mwamba wa huko, uliojaa olivini, ukiwa baridi ilikuwa imeshapimwa mezani, silinda baada ya silinda.