Vifurushi vya Kemikali: Jinsi Neva ya Chura Ilivyosomwa

Umeme wa neva hauvuki moja kwa moja kuingia kwenye msuli. Ukifika mwisho wa neva, hapo humwagwa asetilikolini, nayo ndiyo inayouamsha msuli. Hilo Henry Dale na wenzake walilithibitisha London mwaka 1936. Lakini ilikuwa ikimwagwaje?

Mwaka 1950, katika University College London, Paul Fatt na Bernard Katz walichoma unyuzi mmoja wa msuli wa chura kwa mrija wa kioo wenye ncha nyembamba kuliko mikroni moja. Neva haikushtuliwa, msuli ulikuwa umetulia. Hata hivyo mtambo ulionyesha mishtuko midogo ya umeme, kama nusu milivolti hivi, ikijitokeza bila mpangilio. Ingekuwa rahisi kuiita kasoro ya mtambo. Wao waliihoji. Ncha ikichomwa milimita chache mbali na pale neva inapokutana na msuli, mishtuko haionekani. Wakitia kurare, sumu inayoizuia asetilikolini, inafifia. Wakitia prostigmini, inayokizuia kimeng'enya cha kuivunja, inakua na kukawia. Basi ilikuwa asetilikolini, tena ikitoka yenyewe.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoistahi zaidi. José del Castillo na Katz walipunguza kalsiamu na kuongeza magnesiamu katika maji ya chumvi yaliyouzunguka msuli, kisha wakaishtua neva tena na tena. Jibu la msuli likawa dogo sana, lakini halikuja kwa ukubwa wowote tu: mara halikuja kabisa, mara likalingana na mshtuko mdogo mmoja, mara miwili, mara mitatu. Mwaka 1954 walihitimisha kwamba neva humwaga kemikali kwa vifurushi vinavyolingana. Kalsiamu huzidisha uwezekano wa kifurushi kumwagwa, magnesiamu huupunguza. Katz alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Wakunga wetu hukutana na kanuni hiyo wodini. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti, na kabla ya kila dozi mkunga humgonga goti. Mguu usiporuka, dozi husitishwa, kwa sababu dawa ikizidi hulegeza hata misuli ya kupumulia. Kinachomwokoa hapo ni kalsiamu glukoneti. Kila wodi inayotoa magnesiamu iwe nayo karibu, wakati wote.