Tiketi za Mogadishu: Mapato ya Filamu, Watazamaji Wasiohesabiwa na Kiswahili cha Vibandani kati ya Mbarara na Nakivale

Tarehe 28 Julai 2021 filamu ya Ryoo Seung-wan iliingia katika kumbi za sinema za Korea Kusini kwa jina la neno moja: Mogadishu. Ilipopelekwa katika soko la nje iliongezewa maneno ikawa Escape from Mogadishu, yaani kutoroka Mogadishu. Kwa mtafiti wa lugha nyongeza hiyo si ndogo. Jina la kwanza linataja mji. La pili linawataja wanaouacha, na wenye mji hawamo. Nitalirejea suala hili baadaye. Kwanza inafaa tuitazame hesabu iliyoipa filamu sifa yake, kwa kuwa hesabu za namna hiyo ndizo zinazoletwa mezani kila tunapoketi na watunga sera kujadili ni filamu zipi zistahili kutiwa Kiswahili na ni hadhira ipi istahili kuhudumiwa.

Hesabu yenyewe ni nzuri. Filamu iliuza tiketi takriban milioni 3.6 nchini mwake, ikawa filamu ya Kikorea iliyoongoza mwaka huo. Ikiwekwa kando ya Train to Busan ya 2016, iliyovuka watazamaji milioni 11, au The Admiral: Roaring Currents ya 2014, iliyovuka milioni 17, inaonekana ndogo. Lakini 2021 ulikuwa mwaka wa UVIKO-19, na kumbi za Seoul na vitongoji vyake zililazimika kufunga milango mapema usiku. Kuna jambo ambalo wachambuzi wa mapato hulipita mbio: wenye kumbi walikuwa wamekubali kuacha mgawo wao wa kawaida hadi filamu irudishe nusu ya gharama zake. Kwa hiyo hata huko kwao, takwimu hii haikuzaliwa na soko peke yake. Nyuma yake kulikuwa na uamuzi wa makusudi wa watu walioona kwamba pasipo kubeba hasara pamoja filamu kubwa zingebaki stoo.

Jambo la pili ni namna ya kuhesabu. Baraza la Filamu la Korea huendesha mfumo wa kompyuta unaokusanya tiketi za kumbi za nchi nzima, na ushindi wa filamu hutangazwa kwa idadi ya watu walioiona. Marekani hutangaza dola. Filamu ya Kikorea inapovuka mpaka wake, hesabu yake hubadilika njiani: mtazamaji aliyekuwa kichwa anakuwa fedha. Na mtazamaji ambaye fedha yake ni ndogo mno kusafirishwa kokote hana tena pa kuandikwa. Dai la makala haya ni kwamba hapo ndipo hadhira ya Afrika Mashariki inapotoweka, na pamoja nayo kazi ya lugha inayofanyika mbele ya hadhira hiyo.

Nachukua mfano wa eneo ninalolifahamu. Biharwe iko kwenye barabara kuu itokayo Mbarara kwenda Masaka na Kampala, na tangu 2020 imo ndani ya Jiji la Mbarara. Kusini, katika Wilaya ya Isingiro, kuna makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wakazi wake wengi ni Wakongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine. Wenyeji wa eneo zima ni Wanyankore, na lugha yao ndiyo ya soko na nyumbani. Huko makazini, Mkongo wa Kivu anapotaka kuuziana kitu na Msomali aliyewahi kuishi Kenya, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, bila mwalimu na bila mtaala.

Kibanda cha video hakihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa ukanda huu. Mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, televisheni au projekta, umeme wa gridi au wa sola, na ubao wa nje ulioandikwa kwa chaki mechi za mpira upande mmoja na filamu upande mwingine. Filamu huletwa katika flashi. Ada hulipwa mlangoni kwa sarafu. Hakuna hata shilingi moja inayofika Seoul, kwa hiyo katika jedwali la mapato ya kimataifa chumba hiki ni sifuri. Chumba chenyewe, siku ya Jumamosi, kimejaa hadi watu wanasimama.

Sauti inayotawala humo mara nyingi si ya waigizaji. Nchini Uganda msimuliaji wa filamu huitwa VJ, na majina kama VJ Jingo yanafahamika kuliko ya waongozaji wa filamu wanazozisimulia. Isaac Nabwana wa Wakaliga alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie iligeuka sehemu ya filamu yenyewe, na watazamaji wa ng'ambo waliipenda kwa sababu hiyo. Kenya inaye DJ Afro. Tanzania ilikuwa na Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye kazi yake imechunguzwa kwa makini na Matthias Krings. Wasimuliaji hawa hawatafsiri kwa maana ya darasani. Wanafafanua, wanatania, wanaonya, wanawapa wahusika majina ya mtaani, na wanapokosa kuelewa neno wanabuni. Mtu akitaka kuwalaumu, sababu anazo: baadhi yao huwatukana wanawake bila haya, na wengine huigeuza filamu nzito kuwa kichekesho. Na tusijidanganye kuhusu lugha. Usimulizi mwingi unaouzwa Mbarara ni wa Kiganda. Kiswahili kinaingia kwa njia ya flashi zitokazo Tanzania na Kenya, na kwa msimuliaji wa papo kwa papo anayeona kwamba nusu ya mabenchi haifuati Kiganda.

Sasa turudi kwenye filamu. Kisa chake kimetokana na tukio la kweli la Januari 1991, pale watumishi wa balozi mbili za Korea, Kusini na Kaskazini, walipokwama Mogadishu utawala wa Siad Barre ulipokuwa ukianguka, wakalazimika kukimbia pamoja. Mwanzoni mabalozi hao wanashindana kumbembeleza Barre, kwa kuwa kila upande unatafuta kura za Afrika ili uingie Umoja wa Mataifa. (Korea zote mbili ziliingia siku moja, tarehe 17 Septemba 1991.) Filamu ina ujasiri wa kuikejeli biashara hiyo, na hapo naisifu: inakiri kwamba Afrika ilitafutwa kwa ajili ya idadi. Kisha inaanguka katika shimo ililolichimba yenyewe. Vita vinapoanza, Wasomali wanageuka umati: wanaokimbia, wanaopora, watoto wenye bunduki. Kiufundi, msafara wa magari yaliyofunikwa vitabu na mifuko ya mchanga ni miongoni mwa vipande bora vya filamu ya mapigano ya miaka ya karibuni. Kimaudhui, mtu anayekimbia kwa miguu kando ya magari hayo haulizwi anakwenda wapi.

Uamuzi wa kilugha ndio unaonigusa zaidi. Ryoo aliweka manukuu ya Kikorea chini ya maneno ya wahusika wa Kaskazini, ingawa pande zote mbili huzungumza Kikorea. Aliwachukulia watazamaji wa Seoul kuwa hawawezi kuwafuata ndugu zao bila msaada, na uamuzi huo unasema mengi kuhusu mpaka unavyoweza kuipasua lugha moja. Ni hoja ambayo mtu wa Nakivale angeielewa upesi kuliko sisi wa vyuoni. Kiswahili cha Bukavu na cha Unguja vikikutana kwenye foleni ya maji, hakuna anayeweka manukuu. Watu hukosana, hucheka, hurudia, na mwishowe hupata neno la katikati. Umakini huo wote wa mwongozaji kuhusu lugha moja iliyogawanyika haukubaki kwa lugha za mji uliompa jina la filamu.

Lugha hizo zilikuwepo, na moja inatuhusu moja kwa moja. Kusini mwa Mogadishu, kwenye pwani hiyohiyo, mji wa Barawa ulikuwa na Kiswahili chake, Chimwiini, chenye fasihi ya kidini na utenzi, na ambacho kamusi yake iliyotayarishwa na Kisseberth na Abasheikh ilitoka mwaka 2004. Vita vya 1991 ndivyo vilivyowatawanya wasemaji wake. Wengi waliingia vyombo vya baharini kuelekea Mombasa na kuishia katika kambi kama Utange, kisha Ulaya na Marekani. Filamu nayo inaishia Mombasa: ndege ya Waitaliano inatua, na Wakorea wa pande mbili wanapaswa kushuka wakijifanya hawajuani, kwa kuwa maofisa wa kila upande wanawasubiri. Ni mwisho mzuri na wenye uchungu. Lakini Mombasa hiyo ni sakafu ya uwanja wa ndege tu. Kilomita chache kutoka hapo, katika miezi iliyofuata, wasemaji wa lahaja ya kaskazini kuliko zote za Kiswahili walikuwa wanateremka majahazini.

Niliitazama filamu hii katika kibanda kimoja cha Biharwe, ikisimuliwa papo kwa papo na kijana aliyechanganya Kinyankore, Kiganda na Kiswahili. Kando yangu alikaa mzee wa Kisomali aliyekuja Mbarara kwa shughuli zake kutoka Nakivale. Katikati ya msafara wa magari msimuliaji aliacha kufuata mazungumzo ya Wakorea, akaanza kuwasemea watu wa barabarani: huyu anamwita mkewe, huyu ameacha mlango wazi, yule mtoto bunduki si yake. Hakuna hata moja la hayo lililo katika muswada. Mzee alimsahihisha kwa sauti jina la mtaa, msimuliaji akamshukuru kwa kumwita "mzee wangu" na akalirudia jina sawasawa mbele ya chumba kizima. Taa zilipowashwa mzee aliniuliza kama Wakorea wanajua kwamba filamu yao imeonyeshwa hapa. Nilimjibu kwamba hawajui.

Tukio hilo moja halithibitishi mkondo wowote, nami silileti kama takwimu. Nalileta kama ushahidi wa aina nyingine ya upokezi, ambao jedwali la mapato haliwezi kuuona, na ambao ni afadhali kuliko ule uliokusudiwa na watayarishaji. Biharwe yenyewe ina mnara wa ukumbusho wa kupatwa kwa jua unaohusishwa na mwaka 1520. Masimulizi ya mdomo kuhusu Olimi wa Bunyoro aliyetaharuki na kuacha ng'ombe aliowateka ndiyo yaliyowapa wanahistoria mahali pa kuanzia hesabu ya nasaba za watawala. Hatuna haya kuutumia usimulizi wa jana kama data. Wa leo, kwa kuwa unatoka kwenye spika iliyopasuka, tunauita uharamia.

Kisheria, neno hilo lina msingi. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwenye kazi haki ya kutafsiri na kuonyesha hadharani, na kibanda hakimlipi. Ninachopinga ni kudhani kwamba msako na kutaifisha mitambo ndiyo njia pekee ya kuitekeleza. Wenye kumbi wa Korea walikubali kuacha mgawo wao ili filamu itoke. Hakuna kinachozuia wasambazaji wao kukubaliana na vyama vya hakimiliki vya nchi zetu juu ya leseni ya pamoja ya ada ndogo kwa vibanda, inayolipwa kwa idadi ya vichwa, kama wanavyohesabu kwao. Leseni hiyo ingeweza kumtambua msimuliaji kama mfasiri mwenye jina na wajibu, na hapo hata lawama ya matusi ingepata pa kupelekwa.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na majadiliano tangu hapo yamejikita shuleni na ofisini. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo na Somalia ikafuata. Nakivale ilikuwa imezikutanisha nchi hizi miaka mingi kabla ya mikataba. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingeweza kuanza na kazi ndogo: kurekodi, kwa idhini ya wahusika, usimulizi wa Kiswahili katika vibanda vichache vya Isingiro na Mbarara, kabla simu za mkononi hazijavimaliza vibanda vyenyewe. Mwenye kibanda cha Biharwe huhesabu wateja wake kwa vijistari vya penseli katika daftari la shule, kurasa baada ya kurasa, na filamu ya Mogadishu imo, imeandikwa kwa jina fupi, la mji peke yake.