Dawati na Goti

Mwaka 2016 Bunge lilibana matumizi yake, likatoa shilingi bilioni 6 zilizoelekezwa kwenye madawati ya shule. Elimu bila malipo ilikuwa imeanza Januari ya mwaka huohuo, na watoto walifurika madarasani. Siidharau kazi ile. Aliyewahi kufundisha watoto walioketi vumbini hapa Dodoma mwezi wa Agosti, upepo ukivuma mlangoni, hawezi kuidharau. Lakini nina neno na dawati lenyewe.

Ni lile tulijualo sote: ubao wa kukalia umeunganishwa na meza, watoto watatu hukaa pamoja. Katika shule moja kandokando ya mji nililipima kwa futikamba. Ubao wa kukalia ulikuwa sentimeta 43 kutoka sakafuni. Kisha nikampima binti wa darasa la kwanza, toka unyayo hadi nyuma ya goti: sentimeta 29. Miguu ilining'inia, ukingo wa ubao ukambana mapajani. Akirudi nyuma apate kuegemea, daftari liko mbali. Akisogea mbele aandike, mgongo hauna egemeo. Meza nayo ilimfika karibu na kwapa, hata bega la mkono wa kuandikia likapanda. Chumba cha pili, mvulana wa darasa la saba alikuwa amejikunja kwenye dawati la kipimo hichohicho.

Nami nilipokuwa mwalimu nilizoea kukemea, "Kaa vizuri!" Namkumbuka mtoto aliyependa kuandika amesimama. Nilimwadhibu mara mbili.

Ajabu ni kwamba sare tunazipima. Hakuna mzazi atakayekubali kaptula moja ivaliwe na darasa la kwanza hadi la saba. Na viwango vya kimataifa vya viti na meza za shule, vinavyofuata kimo cha mwanafunzi, vipo tangu mwaka 1979. Saizi tatu zingetosha kuanzia. Isitoshe, dawati dogo hula mbao kidogo.

Nilimwendea seremala mmoja mjini, nikamwuliza wanaoagiza madawati humwambia nini.

"Huuliza bei, mzee wangu. Na yatakuwa tayari lini."

"Na vipimo?"

Akanionyesha ufito uliotundikwa ukutani, umechakaa kwa kushikwa. Kipimo anacho, alisema, tangu zamani. Alikipata kwa kukaa yeye mwenyewe.