Rehani, Dhamana na Udhamini: Maneno Yanayochanganywa

Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, mzigo wa mfasiri umeongezeka. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno machache yatumikayo katika fomu na mikataba ya mikopo inayofungamana na nyumba au shamba.

La kwanza ni "mkopo wa nyumba", litumiwalo kana kwamba ni sawa na "mkopo wa rehani". Sivyo. La kwanza hutaja matumizi ya fedha. La pili hutaja kifungo kilichowekwa juu ya mali. Mtu aweza kukopa fedha za mbolea akaweka nyumba yake rehani. Na mfanyakazi aweza kukopeshwa fedha za kujengea pasipo rehani yo yote, marejesho yakakatwa katika mshahara. Mfasiri ayachanganyaye humficha msomaji jambo lile lile alilopaswa kulijua.

La pili ni "rehani" lenyewe. Katika mazoea ya watu, kuweka rehani ni kukabidhi kitu, kama vile mkufu au bangili, kikakaa kwa mkopeshaji hata deni liishe. Lakini kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, rehani ya ardhi ni dhamana tu. Haihamishi haki ya mwenye ardhi. Basi mkopaji huendelea kulala nyumbani mwake, na kwa kuwa hakukabidhi kitu, hudhani hakuweka kitu. Yafaa "poni" litumike kwa kitu kikabidhiwacho, na "rehani" libaki kwa mali ifungwayo ingali mikononi mwa mwenyewe.

La tatu, nalo ndilo lenye madhara zaidi, ni "dhamana". Neno hili hutumika kwa mshtakiwa, kwa madaraka ya kiongozi, kwa hati za Serikali na kwa mali ya mkopaji. Tumwazie mkulima wa mpunga wa Kamsamba, katika bonde la Mto Momba mkoani Songwe, mwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Nduguye amwomba amdhamini, na fomu yasema "mtoa dhamana". Mkulima huelewa kwamba anashuhudia uaminifu wa nduguye. Kumbe shamba lake ndilo litakalonadiwa iwapo mafuriko yatachukua mpunga wa huyo aliyekopa. Hasara imehamia kwake kwa njia ya neno moja. Twapendekeza "udhamini" kwa ahadi ya mtu, "dhamana" kwa mali, na "mweka rehani" kwa mwenye mali hiyo, awe ndiye mkopaji au siye.

Mwisho ni "mdaiwa sugu". Sugu ni yule awezaye kulipa asitake. Aliyepotelewa na mavuno ameshindwa, hakukaidi. Istilahi ya mabenki, "mkopo chechefu", ni bora, kwani hueleza hali ya mkopo bila kumhukumu mtu.

Sheria hudai ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Je, ridhaa hiyo ina thamani gani iwapo neno lililotiwa sahihi halikueleweka? Hapana budi kila fomu ieleze, kwa sentensi moja iliyo wazi, ni mali ipi itakayouzwa, ni ya nani, na ni deni la nani litakalolipwa kwayo.